Walimu wa kaiti Paje, watoeni wanafunzi wenu kwenye mashamba ya mwani!

Asalaam aleikum wana jukwaa. Nimeufungua uzi huu kwa hasira, na hasira yenyewe haijanitoka tokea bamvua iliyopita, zile siku maji yanapojaa na kutoka sana.

Kabla hajaja mtu kuniambia nina wivu na watalii: mimi mtoto wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na kaiti, mchezo wa kuteleza baharini kwa kibao huku ukivutwa na tiara kubwa, ndiyo inayonilisha. Mwaka wa sita huu kazi yangu ni kujaza kaiti kwa pampu, kunyoosha kamba mchangani, kumnyanyulia mgeni mpaka ishike upepo, kisha kushinda juani nikimsubiri arudi. Kusi ikivuma nala, upepo ukifa nakopa dukani. Mchezo siulalamikii. Nalalamikia unachezwa wapi, na saa ngapi.

Siku ile maji yalikupwa saa nne asubuhi. Bamvua ndiyo siku za wakulima wa mwani, maana maji mafu hayatoki ya kutosha kufanya kazi shambani. Shangazi yangu na wenzake walikuwa wameinama, maji ya magoti, wanafunga mbegu kwa taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani. Skuli moja ya kaiti, jina naliacha na wenyewe wanajijua, ikaingiza wanafunzi watatu palepale. Sababu naijua vizuri: anayejifunza hutafutiwa maji mafupi ili akianguka asimame. Na maji mafupi ndiko mwani ulikopandwa.

Upepo ukaja kwa kishindo. Mgeni mmoja akaogopa, akalivutia kifuani lile gongo la kushikia badala ya kuliachia, na ukilivuta ndipo kaiti inapozidi nguvu. Ikampindukia, ikaja chini, kamba zikapita juu ya wanawake. Kamba zile ni nyembamba kama mshipi wa kuvulia, zina urefu wa mita 20 na zaidi, na zikikazwa na upepo zinakata kama wembe. Zilimpata shangazi chini ya kiwiko cha mkono wa kulia. Alitoka majini kaubana mkono kwa kanga, na ule wa kushoto bado umeshikilia fungu la taitai, hakuliachia mpaka pwani. Kashonwa nyuzi saba.

Mgeni alilia na kuomba radhi, na kwa kweli yeye simlaumu. Kalipa pesa afundishwe na mtu anayeijua bahari. Mwalimu wake je? Alikimbilia kaiti! Kaigeuza upande huu na huu akitafuta ilipochanika, ndipo akaja kumtazama mama wa watu anayevuja damu. Halafu akatwambia shamba halina alama. Halina alama? Vijiti vimesimama safu kwa safu, mtu anaviona tangu yuko barabarani. Paje inalima mwani tangu 1989. Kaiti imekuja ikaukuta.

Kamba tano za mwani ziling'oka. Mwani unataka kama wiki 6 mpaka kuvunwa, na ule wa shangazi ulibakisha mbili. Cottonii, aina ya mwani yenye bei, joto la maji mafupi limeshaiua, wamebaki na spinosum, aina ya bei ndogo, nayo ndiyo inayokatwa na vibao vya kaiti kila msimu.

Na nyinyi mnaosema wakulima wahamie maji makubwa, wengi wao hawajui kuogelea na ngalawa hawana. Wahamie kwa miguu?

Jedwali la maji limebandikwa ukutani kila skuli, mimi mwenyewe nalisoma kila asubuhi. Siku za bamvua, maji yakiwa yametoka, wanafunzi wasishushwe upande wa mashamba. Ni muda wa saa tatu au nne tu kwa siku. Mchana maji yakijaa akina mama wamesharudi nyumbani, na kusi bado inavuma mpaka jioni. Mgeni atapungukiwa nini? Ni nyinyi mnaotaka kubana madarasa mawili kwa siku.

Na shangazi alipwe. Hadi leo dawa nimenunua mimi, gari ya hospitali nimelipa mimi, na kamba tano hakuna hata aliyeziuliza.

Ijumaa bamvua inaingia tena. Shangazi kashasema atashuka, bandeji mkononi. Mimi nimeshamwambia bosi wangu kwamba saa hizo sinyanyui kaiti ya mtu, na wenzangu wanne wamekubali. Mwalimu anayetaka kupitisha mwanafunzi pale, aje anyanyue mwenyewe.