MREJESHO: Saa ya Windows kurudi nyuma kwa saa 3 kila nikitoka Ubuntu (kompyuta moja, mifumo miwili)

Wakuu, asanteni. Saa imepona. Aliyesema Ubuntu huandika UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3) kwenye saa ya ubao mama na Windows huisoma kama saa ya hapa nyumbani alilenga penyewe. Niliandika `sudo timedatectl set-local-rtc 1` ili Ubuntu nayo itumie saa ya hapa, nikaanza upya: 20:40 huku, 20:40 kule. Amri hiyo ina onyo lake kuhusu nchi zinazobadilisha saa kwa majira. Afrika Mashariki halituhusu.

Ila Windows kutoonekana kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta ikiwaka), bado. Niliongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye `/etc/default/grub` ili itafute mifumo mingine, nikaendesha `sudo update-grub`, wapi! Kumbe Windows iliwekwa kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, Ubuntu kwa UEFI, njia mpya, na menyu ya njia moja haiwashi mfumo wa nyingine. Kwa sasa kompyuta ikiwaka nabonyeza F12 nachagua diski ya Windows. Kuisakinisha upya sina hamu.