Mrejesho: Spotilaiti za pikipiki na betri iliyokuwa ikiisha chaji

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini pikipiki yangu ya cc 125 ilikuwa ikiunguza fyuzi nilipowasha spotilaiti mbili nilizofungiwa, na kwa nini kila asubuhi niliikuta betri haina nguvu. Nawashukuru kwa dhati kwa majibu yenu.

Nilipofungua taa ya mbele niliukuta waya mwekundu wa spotilaiti umepitishwa shingoni mwa usukani bila kinga yoyote. Kila nilipokata kona ulisagwa, hadi shaba ikaonekana na kugusa chuma cha fremu. Betri nayo ilinyonywa na chaja ya simu iliyounganishwa moja kwa moja, bila kupitia swichi ya ufunguo. Hilo nimelirekebisha.

Taa zina wati 20 kila moja, yaani takriban ampea 3.3 kwa jumla katika volti 12, hivyo nimeweka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme: pini yake namba 30 inapokea umeme wa fyuzi, 87 inaupeleka kwenye taa, 85 imeungwa kwenye hasi, na 86 inatoka kwenye swichi ya usukani, ambayo sasa haibebi mzigo wa taa. Waya nimeuvalisha mpira na kuulegeza ili usukani ugeuke mpaka mwisho pande zote mbili, na hapo ndipo ninapowasihi mafundi wawe makini zaidi.

Wiki ya tatu sasa, fyuzi ni ileile, na asubuhi betri inasoma volti 12.6 kabla sijawasha.