Ati "chuchu hizi mtoto ashike nini?" Yule mama wa kunyonyesha majumbani ANIKOME!

MamaKichanga_Tudor:
Nimemtoa mlangoni saa hii, mikono bado yanitetemeka. Mnamjua. Yule wa dera na mkoba mkubwa, azungukaye Kisauni mpaka Mtwapa akijiita mshauri wa unyonyeshaji.

Sijatoka arobaini, chuchu zimepasuka, titi la kushoto limejaa gumu kama jiwe, mtoto analia mpaka Lamu wasikia. Nikaona heri nilipe mtu aje nyumbani, nisirushwe na tuktuk na mshono wa oparesheni. Pesa akataka mbele kwa M-Pesa, na nauli juu. Kaingia, hakunawa, mtoto hakumtazama. Kalifunua titi langu kwa vidole viwili mbele ya mavyaa wangu: "Chuchu hizi mtoto ashike nini?"

ASHIKE NINI! Mbele ya mavyaa! Mama wa watu tangu harusi anitafuta kasoro, leo kaletewa mpaka sebuleni, tena nauli nimelipa mimi.

Namwambia basi nionyeshe namna ya kumpakata, yeye mkono mkobani, kopo la maziwa hilo. Anauza! Mkoba mzima ni duka! Ashike nini? Na wewe pesa yangu umeshika ya nini?

Bi_Shughuli:
Huyo huyo! Dadangu alimwambia maziwa yake ni maji matupu, kisha akaila supu ya mzazi akamaliza.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:
Pole dada. Chuchu bapa si kilema, mtoto hunyonya titi, si chuchu peke yake. Kamua kidogo kwa mkono kwanza lilainike. Ngoja apanue mdomo kabisa, kidevu kiguse titi, ule weusi wa chini uingie zaidi kuliko wa juu. Ukiona homa au titi limekuwa jekundu, hospitali leo leo. Na kumpigia debe maziwa ya kopo mama anyonyeshaye, Kenya ina sheria tangu 2012 inayokataza.

Kijana_Majengo:
Pesa mbele kwa mtu humjui? Umejitakia.

MamaKichanga_Tudor:
Hujazaa wewe, nyamaza. Mbele ya MAVYAA, wasikia?

Kijana_Majengo:
Mavyaa mwenyewe alisemaje?

MamaKichanga_Tudor:
"Si nilisema mimi."

Bi_Shughuli:
Yallah! 😭

Mwana_Likoni:
Afadhali wako alifika. Mkandaji wangu kala pesa, kisha ati yuko foleni ya feri. Maji ya kunikanda yamepoa, nimeyapasha, yamepoa tena.

Kijana_Majengo:
Feri nayo! Jana tumesimama juani mpaka mboga za watu zimenyauka.

Shangazi_Kisauni:
Nyinyi mwalilia feri, sisi mfereji hautoi hata tone, na wa mkokoteni kapandisha bei ya mtungi.

Mwana_Likoni:
Huku kwetu atoa maji ya chumvi aapa ni matamu!

Shangazi_Kisauni:
Huyo namjua! Nani yuko Bamburi tuchangie lori la maji?