Naomba ushauri: besi ya Infectious Grooves inanishinda

Habari zenu wakuu. Nina miezi minne najifunza gitaa la besi, na nimeipenda mno albamu ya kwanza ya bendi ya Infectious Grooves, ya 1991, ile yenye vichekesho katikati ya nyimbo na sauti ya Ozzy Osbourne kwenye "Therapy". Robert Trujillo, miaka mingi kabla hajaingia Metallica, anaicharaza besi humo mpaka kifua kinatetemeka!

Nimepunguza kasi hadi nusu, nafanya mazoezi kila usiku. Polepole naweza. Nikiongeza kasi tu, dole gumba linakosa uzi, na ule uzi mnene unakwaruza kwenye shingo ya gitaa.

Je, niziinue nyuzi kidogo zikae mbali na shingo, au kosa ni la mkono wangu? Natanguliza shukrani.