Kitufe kimoja kinaendesha, hichohicho kinafuta: hizi kontrola za taa za jukwaani zinatutesa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Hizi kontrola ndogo za taa, zile za chaneli 192 (njia za kupitishia amri kwenda kwenye taa) zenye slaida 8 (vishikio vya kusogeza juu na chini), nani alizipangia modi zake, yaani hali zake za kufanya kazi? Huyo mtu hajawahi kuendesha taa onyesho likiendelea na watu wamejaa ukumbini.

Naanza na kubwa kuliko yote. Kuna kitufe kimeandikwa AUTO/DEL. Kwenye modi ya kawaida kinazungusha mipangilio yako ya taa yenyewe, mmoja baada ya mwingine. Ukiwa kwenye modi ya kuprogramu, kitufe hichohicho kinafuta. KINAFUTA! Na cha kukujulisha uko modi gani ni kitaa cha ukubwa wa punje ya mtama kinachopepesa, basi. Kioo chenyewe kina nafasi ya herufi nne tu, unabaki kukisia. Jirani yake kuna MUSIC/BANK COPY: huku kinawasha maikrofoni ya ndani, kule kinanakili benki nzima, yaani kundi zima la mipangilio. Kazi ya usiku kucha iko hatarini ukikosea modi.

Hiyo modi ya muziki ndiyo iliyoniumiza zaidi. Tamthilia yetu ina sehemu ambapo mama analia mbele ya mlango uliofungwa, taa moja ya bluu, kimya kabisa. Msaidizi wangu alikuwa anabadili benki, kidole kikagusa kitufe cha muziki. Mwigizaji akagonga mlango, jukwaa likawa jekundu. Akagonga tena, kijani. Kila kishindo taa zinarukia mpangilio unaofuata, maana maikrofoni haitofautishi ngoma na mlango. Yule dada hakuyumba, aliendelea kulia vilevile, lakini watu walishaanza kucheka. Amefanya mazoezi ya nguvu, halafu kitufe kisichoulizia chochote kinamharibia! Kwa nini kisidai kushikiliwa sekunde kadhaa, kama kile cha kuingia kwenye kuprogramu?

Halafu slaida. Ziko 8, lakini kila taa imepewa chaneli 16, kwa hiyo unahama kati ya ukurasa A na B. Ukihama, slaida inabaki pale ulipoiacha ingawa thamani halisi ya chaneli mpya ni nyingine. Ukiigusa tu, taa inaruka: ilikuwa 20, ghafla ni 230. Msiniambie ni kosa la DMX, ile lugha ambayo kontrola inatumia kuziamuru taa. DMX inabeba namba tu, 0 hadi 255 kwa kila chaneli, hadi chaneli 512 kwenye laini moja. Kosa ni la kontrola. Zipo kubwa zenye slaida za mota zinazojisogeza zenyewe, na nyingine zinasubiri slaida ifike kwenye thamani iliyopo ndipo ziitii. Huko kusubiri ni suala la programu tu, mbona zile ndogo zinanyimwa?

Kuprogramu nako ni shida. Kontrola kubwa zina modi ya kuandaa kimyakimya: unatengeneza mpangilio unaofuata na jukwaani hakibadiliki kitu. Hizi ndogo, chochote unachogusa kinaonekana palepale. Mwongozaji akitaka marekebisho katikati ya onyesho, umekwisha.

Giza la kuwashia naweza kulivumilia. Ukiwasha mashine inaanza ikiwa imezima taa zote, na kuna mantiki, taa zisiwake ovyo kabla hujajipanga. Ila umeme ukikatika na kurudi, anayeshika mashine kwa mara ya kwanza atahangaika akidhani nyaya zimekufa, kumbe ni kitufe cha BLACKOUT tu.

Na tafadhali, asije mtu hapa na "soma mwongozo". Nimeusoma wote. Mwongozo haukai mezani gizani huku mkono mmoja uko kwenye slaida. Ninachodai ni kwamba kubadili modi kusiguse taa zilizoko jukwaani mpaka nithibitishe, kufuta kuwe na kitufe chake, na modi iandikwe kwa maneno yanayosomeka.

Wenye kumbi mnaonunua vifaa, waulizeni mafundi wanaoshika slaida kabla hamjatoa hela. Na kama kuna mkuu anatumia kontrola ndogo yenye kufuli ya modi, aitaje hapa na aeleze inavyofanya kazi onyesho likiendelea.