Naomba ushauri: orteze za polipropileni zinapasuka kwenye kifundo

Ndugu mafundi, salamu kutoka Goma. Orteze 3 za mguu (vifaa vya plastiki vya kushikilia mguu na kifundo), za bamba la mm 4, zimepasuka nyuma ya kifundo, palepale kwenye ukingo wa mkato. Tanuri liko digrii 180. Bamba linakaa dakika 20 hivi hadi weupe uishe na libaki angavu, kisha tunalitandaza juu ya plasta yenye umbo la mguu, iliyovishwa soksi, na kuwasha pampu ya kufyonza hewa. Umeme ukikatika katikati (mnaujua umeme wetu), tunalipasha upya. Tunalitoa kwenye plasta baada ya saa 6, ingawa kawaida ni kuliacha siku nzima.

Mimi nashuku ukingo zaidi: msumeno unaacha mikwaruzo, na mpasuko huanzia hapo mguu unapokunja. Tunapiga msasa, lakini kwa haraka. Pia bamba kwenye kisigino limevutika na kuwa jembamba hadi mm 2,5.

Je, nianze na bamba la mm 5, au nisogeze mkato mbele ya kifundo? Na vumbi la msasa mnalizuiaje bila mashine ya kulifyonza? Barakoa za kitambaa hazitoshi.