Bamba la chuma likilazwa linafaidi nini ikiwa uzito ni ule ule?

mwana_wa_kuze

Wadau salaam aleikum. Juzi tulikua Fort Jesus na wenzangu, tukasimama pale kwenye mzinga wa manowari ya Wajerumani Königsberg na ule wa Pegasus ya Waingereza, ubishi ukaanzia hapo, ukatoka kwa manowari ukaingia vifaru mpaka watu wakaanza kuchora chini. Swali ni hili. Kila mtu husema kifaru cha T-34 cha Warusi kilikua kigumu kwa sababu bamba la mbele limelazwa, unene wake milimita 45 tu lakini limelala digrii 60 kutoka wima, kwa hivyo kombora likija kwa usawa lapita kwenye chuma cha 45 gawanya kwa kosaini ya 60, yaani milimita 90. Sawa. Sasa kuna mmoja wetu ni fundi wa kuchomelea, yuasema huko ni kujidanganya, ati ukitaka kufunika kimo cha mita moja kwa bamba lililolala hivyo wahitaji bamba la mita mbili, na mita mbili za 45 si chuma kile kile cha mita moja ya 90? Uzito sawa, pesa sawa. Nimepiga hesabu nikaona kweli yatoka vivyo hivyo. Sasa faida iko wapi jamani?

kipara_changamwe

Huyo fundi wenu yuko sawa na mpeni heshima yake, watu wengi wanaoandika habari za vifaru hawajawahi kuifanya hiyo hesabu. Kosaini peke yake haikuletei kitu kwenye uzito, na tena ukilaza bamba unapoteza nafasi ya ndani, watu wanakaa wamebanana.

Faida iko kwenye vile kombora linavyogusa. Likipiga bamba lililosimama, ncha yote inasukumwa nyuma sawasawa na kombora linabaki limenyooka. Likipiga bamba lililolala, upande mmoja wa ncha ndio unagusa kwanza, kwa hivyo kani inakuja upande, haipiti katikati ya uzito wa kombora, basi linaanza kugeuka. Na linageuka kuelekea upande wa kuteleza, si upande wa kuingia. Ni kama kutoboa paipu na drili bila kupiga senta panchi, biti inakimbia. Likigeuka vya kutosha laruka zake na bamba linabaki na mkwaruzo mrefu. Lisiporuka bado liko taabani, maana ncha imeshikwa na mwili wa nyuma unaendelea kuja, linapindwa, na chuma kigumu cha kombora hakipendi kupindwa, kinakatika. Hiyo ndiyo faida, na haimo kwenye kosaini.

Kitu chengine watu hawakijui, kombora likifaulu kupita, kule mwishoni linageuka tena kinyume, kwa sababu karibu na mgongo wa bamba kuna upande mmoja wenye chuma kidogo kilichobaki na huo ndio unapasuka mwanzo. Kwa hivyo njia ya lile tundu si lazima iwe mstari.

mwana_wa_kuze

Ahsante sana bwana kipara, sasa nshapata. Lakini mbona Wajerumani walikua wakizitoboa T-34 vizuri tu na ule mzinga wa milimita 88?

maalim_wa_fizikia

Hapo waingia kwenye unene wa bamba ukilinganisha na kipenyo cha kombora. Kombora la kipenyo cha 88 likikutana na bamba la 45, bamba ni jembamba mno kuweza kuligeuza, kabla halijapata muda wa kuteleza chuma kishabomoka kipande kizima. Kulaza bamba kunasaidia sana pale ambapo bamba lina unene unaokaribia kipenyo cha kombora au kuupita. Ndio maana kifaru cha Panther cha Wajerumani wenyewe kikaja na bamba la mbele la milimita 80 likiwa limelala digrii 55, sio milimita 45 tena. Tiger ya kwanza, kifaru chao kingine, nayo mbele ilikua milimita 100 na imesimama karibu wima, walitegemea unene mtupu.

Halafu kuna kofia. Miaka ya 1890 admirali mmoja wa Urusi, Stepan Makarov, aliweka kofia ya chuma laini juu ya ncha ngumu, ncha ikaacha kuvunjika ikigonga bamba lililokazwa uso. Baadaye watu wakaona kofia iliyotengenezwa vizuri yasaidia pia kuuma kwenye bamba lililolala.

bahari_ya_likoni

Mwazungumza vifaru wakati mzinga ni wa meli 😄 Kwenye meli hata wewe mjenzi huichagui pembe peke yako, masafa ndiyo yaamua. Karibu, kombora laja kwa usawa, lapiga ubavu, na sitaha kwalo imelala kabisa. Mbali, kombora lashuka kutoka juu, sitaha ile ile sasa imelikabili. Huyo Königsberg mwenyewe mwezi wa Julai 1915 alikua kajificha ndani ya delta ya Rufiji, manowari za Waingereza Severn na Mersey wakampiga na mizinga ya inchi 6 kwa kuvusha juu ya mikoko, ndege ikiwa juu yawaambia makombora yaangukia wapi.

kipara_changamwe

Nyongeza, kwa sababu najua swali litakuja: vifaru vya leo hupigwa na mshale mrefu wa tangsteni au urani, mwembamba, urefu zaidi ya mara 20 ya kipenyo, kasi kama mita 1,500 kwa sekunde au zaidi. Huo hauruki kirahisi, mpaka bamba liwe limelala karibu digrii 80, maana shinikizo pale mbele limezidi nguvu ya chuma kwa mbali, ncha inaliwa huku inachimba na sehemu ya nyuma haina habari bado. Kwa mshale huo ile hesabu yenu ya kosaini yakaribia ukweli, na hoja ya fundi yarudi na nguvu zote.

Na mkibishana tena semeni kwanza pembe mmepima kutoka wima au kutoka chini. Kuna wanaoandika 30 na kuna wanaoandika 60, bamba ni lile lile.